Losheni ya jua ya laki na ishirini yenye "enzaimu ya kurekebisha DNA": maoni yangu baada ya kumpaka mwanangu

Hii losheni nimeinunua kwa hela yangu, sijapewa na mtu nije kuisifia wala kuiponda. Ni chupa ya mililita 50, imetoka nje, kwenye boksi imeandikwa SPF 50 (kipimo cha nguvu ya kuzuia jua) na chini yake kwa herufi kubwa kwamba ina enzaimu inayorekebisha DNA, yale maandishi ya urithi yaliyo ndani ya seli, iliyoharibiwa na jua. Shilingi 120,000, na 8,000 ya kuituma kwa basi kutoka Dar mpaka huku Dodoma. Jina la duka siliweki, nimeshaongea na muuzaji mwenyewe inboksi na nitawaambia alichonijibu, ila naandika kwa sababu kwenye grupu letu la wazazi wenye watoto wenye ualbino tangazo lake limezunguka wiki tatu sasa na kuna mama mmoja alikua anataka kuuza mbuzi anunue chupa mbili. Nikamwambia subiri kwanza dada'angu, ngoja ninunue mimi nitumie nikupe majibu. Majibu yenyewe ndo haya, ni marefu, nivumilieni.

Binti yangu ana miaka 9, yuko darasa la tatu, ana ualbino. Mi mwenyewe nafundisha baiolojia sekondari, kwaiyo nilivyoona neno enzaimu kwenye tangazo la losheni nilishtuka kidogo, siyo kwa ubaya, nilifurahi. Mambo ya protini zinazorekebisha DNA huwa nafundisha kwa kuchora ubaoni na watoto wanaona ni habari za mbali, sasa leo kuna mtu anasema ameziweka kwenye chupa nimpake mwanangu. Nani asingejaribu.

Tangazo lilikua na mambo matatu. Moja, losheni inazuia jua. Mbili, enzaimu iliyomo inaingia kwenye ngozi na kurekebisha DNA, na kwaiyo upake usiku kabla ya kulala "ifanye kazi mtoto akiwa amepumzika". Tatu, na hili ndo lililonifanya niandike leo badala ya kukaa kimya, kwamba ukishapaka hii hata kofia haina haja. Nitarudi kwenye kofia.

Nianze na enzaimu yenyewe, manake ipo kweli, siyo uongo wa matangazo. Kwenye karatasi ya ndani ya boksi imeandikwa inatoka kwa bakteria wa majini, wale wa rangi ya kijani wanaoishi kwa kutumia mwanga kama mimea. Enzaimu inaitwa fotolaizi. Stori yake ni tamu. Mwaka 1949 mtafiti mmoja Marekani, Albert Kelner, alikua anapiga vijidudu kwa mionzi ya UV, ile ya jua inayounguza ngozi, ili viharibike, akashangaa vingine vinafufuka na vingine havifufuki, mpaka akagundua tofauti ni mwanga tu, vile vilivyopata mwanga wa kawaida baada ya UV ndo vilipona. Baadae Claud Rupert akaonyesha kuna enzaimu inayofanya iyo kazi, na kijana mmoja kutoka Uturuki, Aziz Sancar, daktari aliyekua ametibu watu huko kwao karibu na Savur, akaenda Dallas kusoma kwa Rupert na akafanikiwa kuinasa jeni ya iyo enzaimu. Huyu Sancar ndo alikuja kupata Nobeli ya kemia mwaka 2015 pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich, wote watatu kwa kazi ya kuonyesha seli zinavyorekebisha DNA.

Sasa fotolaizi inafanya nini. Uzi wa DNA una herufi nne, A, T, G na C, na iyo T ndo inaitwa thaimini. Mionzi ya UV ikipiga sehemu ambayo thaimini mbili zimekaa jirani kwenye uzi mmoja, zinashikana zenyewe kwa zenyewe badala ya kila moja kushikana na mwenzake wa upande wa pili. Zinakua kama mapacha walioungana. Uzi unapinda pale, na seli ikija kunakili inakwama au inasoma vibaya. Fotolaizi inakuja inakaa juu ya wale mapacha, inasubiri mwanga, ukiingia mwanga wa bluu ndo inapata nguvu ya kurusha elektroni moja na mapacha wanaachana. Basi. Haikati kitu wala haishoni, inawaachanisha tu. Mimea inayo, samaki wanayo, vyura wanayo, hata kangaruu. Sisi binadamu hatuna. Mababu wa wanyama wa kundi letu waliipoteza zamani sana, tumebaki na ndugu zake wanaoitwa kriptokromu ambao wanafanya kazi nyingine kabisa, ya saa ya mwili, mambo ya kulala na kuamka.

Umesoma hapo juu? Inasubiri mwanga. Sasa muuzaji ameandika upake usiku kabla ya kulala. Mi nilimpaka binti siku ya kwanza usiku kama tangazo lilivyosema, nikazima taa, nikalala, saa sita usiku nimeshtuka kitandani nikajiambia we mwalimu, ile enzaimu gizani inafanya nini? Inakaa tu imeshikilia wale mapacha haina nguvu ya kuwaachanisha. Ndo maana karatasi ya kiwandani haisemi usiku popote, nimeisoma mara tatu na miwani. Inasema upake kabla ya kutoka nje na urudie. Mambo ya usiku yameongezwa na muuzaji kutoka kichwani kwake, labda aliona kremu nyingi za urembo ni za usiku akadhani na hii ni hivohivo.

Alafu kuna suala la joto, na hapa ndo hela yangu iliniuma zaidi. Boksi ilifika ijumaa jioni. Nimeenda kuichukua ofisi ya mabasi, ilikaa kwenye buti toka asubuhi alafu ikawekwa juu ya kaunta dirishani jua linapoingia. Niliivyoishika ilikua ya moto, kama simu inayochajiwa huku mtu anaongea. Ubavuni kwenye boksi kuna kamchoro ka kipimajoto na namba 25. Sasa Dodoma mwezi wa kumi mchana nani ana nyuzi 25 ndani ya buti la basi? Nilipobonyeza mara ya kwanza yalitoka maji ya njano kidogo alafu ndo losheni ikafuata, ikabidi niitikise.

Wanafunzi wangu huwa nawaletea yai. Ute wa yai bichi unapitisha mwanga, ukilitumbukiza kwenye maji ya moto unakua mweupe mgumu, na hata ulirudishe frijini mwezi mzima haurudi ulivyokua. Ile ni protini imepoteza umbo lake. Enzaimu nayo ni protini, kazi yake yote iko kwenye umbo, ikikunjuka haikai tena sawasawa juu ya wale mapacha. Sisemi buti la basi linachemka kama sufuria la mayai. Ila protini hazisubiri zichemke ndo ziharibike, nyingi zinalegea taratibu kadri joto linavyokaa, na ndo maana kule maabara wanazitunza kwenye friza na wanazishika juu ya barafu. Vichujio vya jua vilivyomo kwenye losheni ni kemikali za kawaida, vinavumilia zaidi. Enzaimu ndo kitu dhaifu kuliko vyote kwenye chupa nzima, na ndo uliyoilipia ile tofauti ya bei. Nilimuuliza muuzaji kama stoo yake ina kiyoyozi, akaniambia "dada hii haiharibiki, ina tarehe mpaka mwaka kesho kutwa".

Watu wataniuliza, je ikifika salama inafanya kazi? Kuna utafiti wa mwaka 2000, waliwapiga watu waliojitolea kwa UVB, aina moja ya UV, sehemu ndogo ya ngozi, wakapaka losheni yenye fotolaizi ndani ya vipovu vidogo vya mafuta vinavyoitwa liposomu, wakamulika mwanga, na wale mapacha wa thaimini wakapungua kwa asilimia 40 mpaka 45. Siyo kidogo. Kuna na nyingine ya 2001, iyo ilikua enzaimu tofauti inayotoka kwenye kirusi kinachoshambulia bakteria, haihitaji mwanga, walipakwa watu wenye ugonjwa wa XP (nitaueleza hapo chini) kwa mwaka mzima na yale mabaka ya mwanzo ya jua yakatokea kidogo kuliko kwa waliopakwa losheni tupu. Kwaiyo wazo lina miguu. Ila soma masharti: liposomu nzima, enzaimu nzima, mwanga kwa mpangilio, na losheni iliyotoka kwa watafiti siyo kwenye buti. Na huyo mtu wa XP siyo mwanangu, hapa naomba nikae kidogo kwa sababu kwenye grupu watu wanachanganya sana.

XP, kirefu chake zeroderma pigmentosamu, ni ugonjwa wa kurithi ambao mtoto anazaliwa mmoja wa mafundi wake wa DNA ni mbovu au hayupo. Nasema mafundi kwa sababu ndivyo walivyo. Sisi tusio na fotolaizi tuna njia nyingine ya kuondoa wale mapacha, njia ndefu, ya kukata na kutia kiraka, na inaenda na protini nyingi kila moja na zamu yake. Wa kwanza anaitwa XPC, anapita kwenye uzi anapapasa, akikuta umepinda anasimama. Mapacha wa thaimini wanapindisha uzi kidogo tu, yeye peke yake anaweza kuwapita asiwaone, kwaiyo anasaidiwa na mwingine anayewashika kwanza na kuukunja uzi zaidi ili uonekane. Akishasimama anaita kundi kubwa linaitwa TFIIH, ndani yake kuna XPB na XPD, hao wanafungua uzi kama zipu pale palipoharibika. XPA anahakikisha kweli kuna tatizo na anawapanga wenzake sehemu zao. Kuna mwingine, RPA, anaufunika uzi mzima wa upande wa pili usije ukaguswa, manake huo ndo utakaotumika kama kipimo. Alafu mikasi miwili, XPG anakata upande mmoja, XPF na mwenzake ERCC1 wanakata upande mwingine, kinatoka kipande cha herufi kama 24 mpaka 32 na wale mapacha wakiwa ndani yake. Hapo limebaki tundu. Polimerasi anakuja anasoma upande mzima, penye A anaweka T, penye G anaweka C, mpaka tundu linajaa, na mwisho ligasi anashona ule mwanya wa mwisho. Kama fundi cherehani anavyotoa kitambaa kilichoungua pasi akakata pembeni kidogo mpaka kwenye kitambaa kizima alafu akatia kiraka cha rangi ileile, ukivaa hamna anayejua.

Iyo kazi yote imefanyika ndani ya ngozi yako leo ulivyotoka sokoni, bila kulipa mtu.

Mtoto wa XP mmoja kati ya hao hayupo. Herufi za mwisho za majina yao, A mpaka G, zimetokana na wagonjwa wenyewe, watafiti walikua wanapanga wagonjwa kwa makundi kabla hata hawajajua protini gani imekosekana. James Cleaver ndo alionyesha mwaka 1968 kwamba seli za watu hao zinashindwa kurekebisha. Wengi wao jua la dakika chache linawaunguza na saratani ya ngozi inawapata wakiwa bado watoto.

Mwanangu hana iyo. Mtoto mwenye ualbino mafundi wake wote wapo, wazima, wanafanya kazi kama wa kwangu mimi mweusi tii. Alichokosa ni melanini, ile rangi ya ngozi. Aina ya ualbino iliyo nyingi huku kwetu Tanzania inatokana na jeni inayoitwa OCA2, inahusika na utengenezaji wa rangi, haihusiani kabisa na XPC wala XPA. (Na inarithiwa nakala moja kwa baba na moja kwa mama, lazima zikutane mbili, naliandika hili kwa ajili ya wale wadada kwenye grupu ambao waume wamewakimbia wakisema "ni damu ya kwenu". Ni ya wote wawili.)

Melanini inafanya nini, hii ndo huwa napenda kuwaonyesha wanafunzi kwenye picha ya hadubini. Kwenye seli ya ngozi yetu, vipunje vya melanini haviko vimetawanyika ovyo, vinapanda vinakaa juu ya kiini cha seli pale DNA ilipo, upande unaoangalia jua. Vinakaa kama kofia. Kila seli imevaa kakofia kake. Mwanangu seli zake hazijavaa. Kwaiyo mionzi inapiga moja kwa moja kwenye uzi, mafundi walewale, idadi ileile, wanapokea kazi nyingi kuliko za kwangu mara nyingi tu.

Na mafundi hawa siyo wa haraka. Kuna uharibifu mwingine wa UV wanaoumaliza ndani ya saa chache, ila hawa mapacha wa thaimini wanachukua siku nzima na zaidi, hata baada ya saa 24 bado kuna waliobaki. Hebu fikiria wiki ya shule. Jumatatu mtoto amekaa gwaride saa mbili, mapumziko saa nne na nusu, saa nane anarudi nyumbani kwa miguu. Usiku mafundi wanakata wanashona. Jumanne asubuhi kazi ya jumatatu haijaisha na ya jumanne imeingia. Jumatano ivoivo. Seli ikigawanyika kabla kiraka hakijatiwa, kosa linaandikwa kama herufi halali na baada ya hapo hakuna fundi anayeliona tena, manake pande zote mbili zinakubaliana. Makosa ya namna hiyo yakiangukia kwenye jeni ya p53, ile protini inayoamua seli isimame au ife ikiharibika sana, ndo seli inapoachiwa njia. Saratani za ngozi za jua ukizisoma DNA yake mara nyingi unakuta alama ileile, C imegeuka T, na wakati mwingine C mbili jirani zimegeuka T mbili, saini ya UV kabisa. Ndo maana huku kwetu unakutana na kijana wa miaka 25 mwenye ualbino ana kidonda sikioni au mdomoni kisichopona. Hakukosa mafundi, waliletewa kazi nyingi toka akiwa mtoto na hakuna aliyewapunguzia.

Haya, turudi kwenye losheni, nimeitumia vipi.

Kuhusu kupaka, ni nzuri, niseme ukweli wake. Haiachi weupe usoni, hainati, haina harufu, haikumuwasha macho, na binti ambaye huwa ananikimbia nikishika chupa ya losheni hii aliikubali. Jumatatu mpaka jumatano hakupata wekundu wowote puani. Alhamisi wana michezo, alirudi masikio mekundu juu pale, kwa sababu jasho lilifuta na hamna aliyempaka tena wakati wa michezo. Hilo siyo kosa la losheni, losheni yoyote ya jua inatakiwa irudiwe kila baada ya saa mbili ukiwa nje na zaidi ukitoka jasho.

Ila kiasi sasa. Nilichukua kijiko cha chai nikakijaza, hicho ni mililita 5, ndo kinachotosha uso, masikio na shingo ya mtoto wangu ukipaka inavyotakiwa, siyo kale katone watu wanakopaka kama mafuta ya nywele. Asubuhi kijiko kimoja, mchana kimoja, mililita 10 kwa siku. Chupa ya 50 niliianza jumatatu rasmi nikaiona mwisho ijumaa, naikamua inatoa hewa. Na hapo mikono sijagusa wala miguu, alikua amevaa sweta la mikono mirefu na soksi ndefu. Siku tano. Shilingi 24,000 kwa siku. Kwa mwezi wa shule ni chupa nne na zaidi, hela ambayo kwa familia nyingi ninazozijua kwenye grupu ni mapato ya miezi kadhaa. Na ukianza kubana ili idumu, ukapaka nusu kijiko, ile SPF 50 ya kwenye boksi haipo tena, ile namba ilipimwa kwa kupaka kwa wingi.

Ndo maana naipa losheni hii nyota mbili kati ya tano. Nyota moja ya vichujio vyake kwa sababu vinafanya kazi, nyota nyingine ya kutomuwasha mtoto. Enzaimu sijaipa nyota. Kwa safari iliyopita, joto lile, na maelekezo ya kupaka gizani, mi siwezi kusema nililipia kitu kilichofika kikiwa hai.

Alafu kofia. Hapa nitaongea kama mama siyo kama mteja. Hakuna losheni duniani inayomfanya mtoto mwenye ualbino asihitaji kofia, na mtu anayeuza losheni kwa mama wa mtoto mwenye ualbino akamwambia avue kofia anamuweka yule mtoto hatarini. Hata fotolaizi ikiwa nzima kabisa, hata ikiwa na mwanga, inapunguza mapacha ambao tayari wameshatokea, tena wapo wanaobaki zaidi ya nusu. Kofia inazuia wasitokee. Kofia ya ukingo mpana, inayofunika masikio na kisogo, siyo kepu ile ya kuangalia mbele tu inayoacha masikio nje, manake masikio na shingo ndo panapoanza vidonda. Kofia ya binti yangu nimeshonesha kwa fundi hapa mtaani kwa kitambaa kizito cha sare ya shule, ukiiweka mbele ya taa mwanga haupiti, elfu saba. Imemaliza mwaka wa pili saivi.

Tunachotumia kila siku, kwa wale wanaouliza. Losheni ya Kilisun, ile inayotengenezwa Moshi, ilianzia pale kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, imetengenezwa kwa ajili ya watu wenye ualbino na inagawiwa bure kwenye kliniki. Ukienda kliniki unapata losheni na dokta anamuangalia mtoto ngozi yote, kichwani mpaka nyuma ya masikio, akikuta kabaka kagumu kanakokwaruza kama msasa anakaondoa mapema kabla hakajawa kitu. Binti yangu aliondolewa kamoja juu ya nyusi mwaka jana, alilia dakika mbili akapewa pipi. Kile alichokifanya dokta pale kwa dakika kumi hakipo kwenye chupa yoyote. Kama hujawahi kumpeleka mtoto, ulizia hospitali ya mkoa siku ya kliniki ya ngozi, au waulize chama cha watu wenye ualbino mkoani kwako, wanajua ratiba.

Na saa. Jua kali la UV ni kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni. Mi nimeenda shuleni kwao nikaongea na mwalimu wa darasa, gwaride anasimama upande wa kivulini chini ya mkungu, na mapumziko anacheza barazani na wenzake wawili ambao wamejichagulia wenyewe kubaki nae. Nguo za mikono mirefu hata kama joto. Hamna hata kimoja hapo kinachofika laki.

Kama una hela na umeipata hii losheni kwa mtu anayeihifadhi kwenye ubaridi na kuisafirisha kwenye ubaridi, nunua, haitamdhuru mtoto, paka asubuhi kama nyongeza ya ulinzi wake wa kawaida, kofia na nguo. Sikukatazi. Ila usiuze mbuzi. Yule mama nimeshamwambia, tumehesabu wote kwenye simu, hela ya chupa mbili inamnunulia mtoto wake kofia mbili, mashati manne ya mikono mirefu, nauli ya kwenda kliniki na kurudi zaidi ya mara moja mwaka huu na bado inabaki. Mbuzi yupo, na ana mimba.

Muuzaji nilimuandikia inboksi jumapili. Nilimuandikia kwa adabu, nikamwelezea enzaimu inahitaji mwanga kwaiyo aondoe maneno ya usiku, nikamwelezea joto, nikamuomba kama anaweza kuweka kwenye boksi la barafu hata kwa kuongeza elfu tano, watu watalipa. Nikamwambia kuhusu kofia, nikamtumia na picha ya masikio ya kijana mmoja tunayemfahamu ambaye ameturuhusu kuitumia. Alikaa kimya siku mbili. Akajibu "asante mwalimu nimejifunza, naedit leo". Maneno ya usiku ameyatoa kweli, nimeona. Mstari wa kofia nimeuangalia tena asubuhi hii kabla sijapandisha haya maandishi, bado upo.